Bahasha ya Mlima

Mimi hesabu zangu zote nazifanya kwa sahani. Nimepika shuleni miaka mingi, na kule jikoni hatuulizani kitu kimenunuliwa kwa bei gani, tunaulizana kitatoa sahani ngapi. Gunia la mchele lina sahani zake, dumu la mafuta lina sahani zake, hata gesi ina sahani zake. Kwa hiyo mume wangu aliponiambia bei ya tiketi ya kupanda ule mlima, sikumuuliza pesa za kule zinabadilishwaje. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni, nikafumba macho, nikamwambia, "Hizo ni sahani ishirini kwa mtu mzima. Mtoto, kumi."

"Watu wanakwenda likizo, Mama Wakili, wewe unahesabu sahani!"

"Nahesabu, tena ndiyo kwanza nimeanza. Sogea nipate mwanga."

Wakili ni binti yetu mkubwa. Bibi yake ndiye aliyempachika jina hilo, kwa sababu tangu aanze kusema hajawahi kukubali jambo bila kulitolea hoja. Mdogo wake tunamwita Kijiko, na huyo hana hoja yoyote, kazi yake ni kula. Baba yao ni fundi friji. Bibi mwenyewe, mama mkwe wangu, anakaa na sisi, na safari yote hii ilikuwa yake ingawa hakuiomba hata kwa kukohoa.

Mama ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilishafifia zamani likabaki kutofautisha mchana na usiku tu, na la kulia linaliwa polepole kutoka pembeni kuja katikati. Daktari wa macho alituambia ukweli bila kuzunguka: kilichopotea hakirudi, kilichobaki tutajitahidi kukilinda, na matone asiyaache hata siku moja. Mama alisikiliza, akamshukuru, akatoka pale akiuliza kama nyumbani kuna vitunguu.

Ndani ya mlango wa kabati la vikombe alikuwa amebandika picha aliyoikata kwenye kalenda ya zamani, mlima mweupe pe, theluji kuanzia nchani mpaka chini. Kila asubuhi akifungua kabati kuchukua kikombe aliutazama kidogo, kisha akafunga. Siku zote nilidhani ni pambo tu. Asubuhi moja nikamkuta amesogeza uso mpaka pua inagusa karatasi, anaitafuta ile ncha ya mlima kwa kidole. Hakujua kama nipo mlangoni. Moyo uliniuma mpaka nikasahau nilichofuata jikoni.

Huyu mama ndiye aliyenifanya niwe na kazi mpaka leo. Jiko la shule linawashwa watu wamelala, na nilipojifungua Wakili niliona sina budi kuacha. Yeye alikuwa na kibanda chake cha kushona, na wateja wake, na sifa yake mtaani. Alikifunga. Alisema atakifungua tena watoto wakianza shule, na walipoanza shule macho yake yalikuwa yameshaanza kulikosa tundu la sindano. Hajawahi kulitaja jambo hilo mbele yangu hata siku tulipogombana, na ndiyo maana linanichoma.

Basi nikajifunga kibwebwe. Nikasema Mama ataiona theluji yenyewe, si ya karatasi, tena ataiona wakati bado ana cha kuionea. Tiketi za ndege tulizilipa kwa upatu wangu, na nyumba tukailipa kwa kazi za ziada za mume wangu, aliyeshinda msimu wote wa joto akifufua friji za watu. Tulichukua nyumba ya kujipikia, yenye jiko na vyombo, kwa sababu chakula cha hotelini kingetumaliza kabla ya wiki kwisha. Kilichobaki kikawa pesa ya matumizi, na hapo ndipo palipokuwa na vita.

Nikaigawa kwenye bahasha nne. Moja ya basi, moja ya chakula, moja ya dharura, na moja ya mlima. Ya mlima ilikuwa na sahani themanini kamili, watu wazima watatu na watoto wawili, na hiyo niliibana kwa pini ndani ya gauni, upande wa moyo. Nikawatangazia wote mezani kwamba atakayeigusa hiyo bahasha ajihesabu amehama.

"Hata mgonjwa?" Wakili akauliza.

"Mgonjwa ana bahasha yake, inaitwa dharura."

"Na kama wagonjwa ni wawili?"

"Wataugua kwa zamu. Kula."

Bahasha ya chakula ilikuwa nyembamba, na ilikuwa nyembamba kwa makusudi. Nilikuwa nimenunua begi kubwa la magurudumu, nikalijaza chakula cha wiki nzima: mchele, maharage, dengu, karanga, unga. Maharage niliyachambua mwenyewe punje kwa punje. Huko ugenini tungenunua mboga, mayai na maziwa tu. Nilijiona nimewazidi akili watu wote waliowahi kupanda ndege.

Wakili alisimama mlangoni akinitazama ninavyofunga zipu kwa goti. "Mama, lakini wanaruhusu?"

"Chakula ni silaha?"

"Mimi nimeuliza tu. Tungeweza kuangalia."

"Wewe angalia masomo yako."

Kwenye begi jingine, juu ya nguo, niliweka hotpoti yangu, lile bakuli zito lenye mfuniko wa kuzungusha ninalobebea chakula kibaki na moto. Mume wangu aliinyanyua akaipima kwa mkono. "Hii nayo inakwenda?"

"Huko mlimani mtakula nini, mawe? Inatunza moto mpaka jioni."

"Haijui moto hiyo," akasema, maana ukimgusa kwenye mambo ya joto na baridi hanyamazi. "Inazuia tu. Ukiiwekea moto inazuia moto, ukiiwekea barafu inazuia barafu."

"Peleka barafu zako kazini," nikamwambia, na nikafunga begi.

Sasa niwaambie kilichotupata uwanja wa ndege wa kule. Afisa wa forodha alikuwa kijana mpole, amevaa glovu za bluu. Alitabasamu, akafungua begi langu la magurudumu, na tabasamu likamwisha. Alitoa maharage akayaweka kando. Akatoa dengu, akatoa karanga, akatoa mchele, akatoa unga. Aliviweka kwenye pipa moja kubwa la chuma, kwa adabu kabisa, kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala.

"Anasemaje?" nikamuuliza Wakili, ambaye ndiye aliyekuwa mkalimani wetu kwa lugha ya shuleni.

"Anasema mbegu na nafaka za kutoka nje haziingii, zinaweza kuwa na wadudu."

"Mwambie hayana mdudu hata mmoja! Mwambie nimeyachambua kwa mkono wangu!"

Wakili akasema. Kijana akajibu.

"Anasema anakuamini, lakini sheria haichambui."

Hilo la mwisho sidhani kama kijana alilisema. Nilipiga kelele kidogo, sikatai. Mume wangu alinivuta mkono, Kijiko akaanza kulia kwa ajili ya karanga, na Mama akasimama kando ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Tulitoka pale na chumvi, majani ya chai, bizari, na begi tupu linalogonga sakafu kwa magurudumu yake. Wakili hakusema "nilikuuliza". Angesema ningepona haraka zaidi.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya tatu, safi, na jiko lenye mafiga mawili ya umeme. Sufuria zake ningeweza kuzivaa kichwani zikanienea. Nilienda duka la kona na bahasha ya chakula, nikazunguka rafu zote, nikageuza kila pakiti kuona bei, na kila bei nikaigawa kwa sahani. Nilirudi na mkate, mayai na kitunguu kimoja. Nikakaa kwenye kiti cha jikoni nikafumba macho. Bahasha ya chakula ilikuwa inatufikisha katikati ya wiki, baada ya hapo tungekula ukuta.

Mume wangu alikaa mbele yangu. Alizungumza taratibu, na akizungumza taratibu najua ameshakata shauri. "Tutumie ile ya mlima. Kutoka hapa dirishani mlima unaonekana, Mama ameshauona."

"Ameuona? Nenda kamuulize ameona nini."

Hakwenda. Mama mwenyewe alikuwa amesimama dirishani, ameweka kiganja juu ya jicho la kulia kuzuia mwanga, akitazama upande ambao mlima haukuwepo.

"Mwanangu," akasema bila kugeuka, "usijisumbue. Hewa ya hapa tu nimeifurahia. Walishe watoto."

Nikapandwa na hasira, na sijui nilimkasirikia nani. Nilijikasirikia mimi na maharage yangu. Nikasema, "Hii bahasha itatoka mwilini mwangu kwenye dirisha la tiketi, haitoki kwingine. Mtakula, tena mtashiba. Niachieni mimi." Kisha nikaingia bafuni nikafungua maji, ili nifikirie kwa kelele.

Kesho yake asubuhi nilishuka na nguo za kufua. Chini kabisa ya jengo kulikuwa na chumba cha kufulia, mashine mbili na rafu ya mbao ukutani. Kwenye rafu kulikuwa na pakiti mbili za makaroni, mafuta nusu chupa, sukari, kopo la nyanya, na mtungi wa maharage yaliyopikwa. Juu yake kuna karatasi. Nikamwita Wakili aisome.

"Imeandikwa: 'Ukiondoka, acha. Ukihitaji, chukua.' Wageni wanaoondoka hawawezi kubeba vitu hivi, Mama. Pengine hata wao forodhani kungewashinda."

Niliisoma sura yake kuona kama ananisimanga. Hakuwa ananisimanga.

Mume wangu aliponiona napanda ngazi na kopo la nyanya kwapani alisimama mlangoni kama askari. "Tumekuja mpaka huku kula masalia ya watu?"

"Pakiti haijafunguliwa. Nionyeshe meno ya mtu hapa."

"Watu watatuonaje?"

"Watatuona tumeshiba. Baba Wakili, unataka mama yako apande mlima au unataka heshima? Vyote viwili sina sahani zake."

Alinisusia mpaka mchana. Mchana akala makaroni, akaongeza. Asubuhi iliyofuata nikiwa bado nafunga kitambaa kichwani nikamwona anaingia kutoka chini, amevaa koti ndani ya nyumba, anatazama dari. Kwenye koti alikuwa na mchele kilo nzima na siagi. "Wale wa ghorofa ya kwanza wameondoka," akasema, na akaenda kuwasha birika.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Asubuhi rafu, jioni sokoni, wakati wauza mboga wanafunga meza na bei zinashuka kwa kuwa wenyewe wana haraka ya kwenda nyumbani. Mchana tulitembea bure: bustani, maktaba, daraja, vioo vya maduka. Kijiko alijifunza hesabu zangu bila kufundishwa. Akiona barafu ya kikombe alikuwa ananigeukia. "Hiyo sahani ngapi?" Nikimwambia tano, anahema, anaendelea na safari. Siku moja baba yao alisogea kando ya kibanda cha kahawa akatia mkono mfukoni, na Kijiko akapaza sauti mtaa mzima ukasikia, "Baba, hizo sahani tatu!" Mkono ukatoka mfukoni mtupu.

Bahasha ya dharura iliishia kwenye viatu vya Mama. Wakili alisoma kwamba kule juu huruhusiwi kukanyaga theluji na viatu vya wazi, na Mama alikuja na vya wazi. Tulimnunulia vya mpira vyenye meno chini, vya mtumba, vya kiume, na akavivaa ndani ya nyumba siku nzima ili avizoee. Alivipenda mpaka nikaona haya kwamba sikuvifikiria tangu nyumbani.

Kuna jioni moja nilimfumania. Nilikuwa nimeshapakua wote, sahani tano... hapana, nne, kwa sababu mimi huwa sijipakulii. Nikageuka ghafla nikamwona Mama ananyata na sahani yake, anarudisha wali kwenye sufuria kwa kijiko.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nimeshiba. Utatufaa kesho."

"Hujashiba, hujaanza. Hiyo sahani nimeihesabu. Ukiirudisha unanivuruga, nitakuwa sijui nilipo."

Alisimama na kijiko hewani. "Na yako iko wapi?"

"Yangu nakula hapa hapa, nikipika naonja."

"Kuonja si kula."

"Nimezoea, Mama. Mpishi anakula amesimama, kwenye mwiko. Hata shuleni ni hivyo."

Mama alinisogelea, akanitazama kwa lile jicho lake la kulia, akaligeuza geuza kunipata katikati, kama anavyotazama tundu la sindano. Alinitazama muda mrefu mpaka nikajisikia vibaya. Kisha akarudi mezani akala sahani yake yote. Nilidhani yameisha.

Siku ya mwisho kabla ya kurudi, bahasha ya chakula ilikuwa imebaki karatasi tupu, ya basi ilikuwa na nauli ya kutupeleka mlimani na uwanja wa ndege, na ya mlima ilikuwa pale pale kwenye pini, haijaguswa, imechukua umbo la mwili wangu. Niliamka nikapika wali na mayai, nikajaza hotpoti, nikaufunga mfuniko. Nilikuwa naimba. Mume wangu alisema hajanisikia nikiimba tangu Kijiko aache nepi.

Chini ya mlima kuna kituo, na kutoka kituoni vibanda vya vioo vinapanda vimening'inia kwenye kamba nene ya chuma mpaka vinapotelea kwenye weupe. Tulipanga foleni. Mama alikuwa amevaa viatu vyake vya mpira na sweta mbili, kwapani mkoba. Nilifungua pini. Nilitoa bahasha mbele ya yule dada wa tiketi, nikaiweka kwenye dirisha kwa viganja viwili.

Dada wa tiketi alihesabu vichwa. Alipofika kwa Wakili akaonyesha ukutani. Ukutani kulikuwa na mstari mwekundu na picha ya mtoto amesimama chini yake.

Wakili akasoma. "Mama, wanasema mtoto ni wa kimo hiki. Akizidi ni mtu mzima."

"Simama pale."

Akasimama chini ya mstari. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutoa hoja yoyote. Alikuwa amekunja magoti ndani ya sketi yake, kidogo kidogo, anashuka kama mshumaa, macho ameyakaza mbele. Yule dada aliona. Mimi niliona. Watu wa nyuma yetu wote waliona.

Ningeweza kunyamaza. Nadhani dada angenyamaza pia. Lakini nikamwona mtoto wangu anajipunguza ili mimi nisipungukiwe, na sikuweza kulivumilia.

"Simama wima," nikamwambia. "Kimo hicho nimekipika mwenyewe."

Akasimama wima. Alizidi mstari kwa paji zima la uso. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Kwa hiyo zikawa zimepungua sahani kumi, na kumi hizo hazikuwepo mahali popote duniani. Mume wangu alianza kujipapasa mifuko ambayo mimi mwenyewe niliifua. Wakili akasema, "Nitabaki mimi. Nitakuja tena nikiwa mkubwa." Mama akanishika mkono. "Basi nibaki mimi na wewe, mwanangu. Tutawasubiri hapa tunapiga soga."

"Mama, wewe ndiye safari yenyewe," nikasema. "Ukibaki wewe, hawa wanakwenda wapi? Na wewe, Baba Wakili, usinitazame hivyo. Nani atamshika mama yako kwenye barafu? Mimi sijui barafu, unaijua wewe. Nabaki mimi. Nendeni, foleni inatungoja."

"Mama Wakili..."

"Nendeni!"

Nililipa. Chenji niliirudisha kwenye bahasha, nikaibana. Nikampa Mama hotpoti aipakate, nikamfunga kitambaa vizuri shingoni, nikamwambia akifika atazame kila kitu mara mbili. Mlango wa kioo ukajifunga. Kijiko alinipungia mkono mpaka kibanda kikawa kidogo kama punje ya mchele, na baada ya hapo sikuweza kukitofautisha na vingine.

Nilikaa kwenye benchi. Nilikuwa sina cha kukoroga, sina cha kufua, sina mtu wa kumkaripia. Nililia kidogo, na niseme wazi kwamba nililia kwa ajili yangu. Nilitaka kuiona. Wiki nzima nilikuwa nasema mlima ni wa Mama, na ulikuwa wa Mama kweli, lakini kichwani mwangu nilishajiona kule juu nimesimama kando yake nikimtazama anavyotazama. Hicho ndicho nilichokuwa nimekipikia wiki nzima. Nikafuta uso kwa ncha ya kitambaa, nikajiambia basi, kazi imeisha, Mama yuko juu. Halafu nikaanza kuhesabu vibanda vinavyoshuka.

Waliporudi Kijiko alitoka kwanza, pua nyekundu, anasema maneno yote kwa pamoja. Wakili alikuwa amelowa magoti. Mume wangu alikuwa amemshika Mama kiwiko, na macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni upepo.

Mama alikuwa ameikumbatia hotpoti yangu kifuani. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye benchi, na viatu vyake vya kiume vinaacha maji.

"Umeiona?" nikamuuliza.

"Nimeiona." Alikaa, akavuta pumzi. "Nilidhani nitaona kama kwenye kalenda. Mwanangu, ile ni picha tu. Ule mwanga unatoka chini, unatoka juu, unatoka kila mahali. Hata hili," akagusa jicho la kushoto, "hata hili limeuona. Lilikuwa limelala, likaamka. Nimesimama pale nikafumba la kulia makusudi, nikatazama kwa hili bovu, na bado kukawa kweupe." Akacheka, akafuta mashavu. "Nimekaa sana. Mume wako alidhani nimeganda."

"Mmekula?"

"Tumekula, na hotpoti tumeisafisha. Shika."

Alinipa. Ilikuwa nzito, si kama bakuli tupu. Nikadhani wameshindwa kumaliza wali, na nikawa tayari kukasirika.

"Fungua," akasema.

Nilizungusha mfuniko. Ndani kulikuwa na theluji. Ilikuwa imejazwa mpaka ukingoni, imeshindiliwa, na juu imesawazishwa kwa mgongo wa kijiko, vile vile ninavyosawazisha wali wangu mimi. Mume wangu alikohoa, akasema, "Nilikwambia haijui moto."

Nilitazama ndani ya lile bakuli langu la miaka yote. Moshi mwembamba wa baridi ulinipiga usoni.

"Miaka yote naishi nyumbani kwako," Mama akasema, "sijawahi kuona mtu akikupakulia. Nimekupakulia. Tena hii usiionje."

Akatoa kijiko kwenye mkoba wake, akakifuta kwa ncha ya sweta, akanipa. Nilikuwa nimeshanyanyuka kuwapisha wengine kwenye benchi, kama kawaida yangu. Mama akalipiga piga benchi kwa kiganja, mahali palipokuwa wazi kando yake.

Nikakaa, nikala.